Uzoefu wangu na BandLab, programu ya kurekodi muziki mtandaoni: taarab ya Tanga na Mombasa wakati mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa

Kikundi chetu kimekaa pande mbili za mpaka. Mimi mpiga kinanda na mwenzangu wa dumbaki tuko Ngamiani, Tanga. Fidla na muimbaji wako Mombasa. Siku za kawaida unapanda basi, unavuka mpakani Horohoro, jioni mmeshakaa na vyombo. Mwaka 2020 korona ikaja, njia ikakatika. Kenya iliweka kafyu ya usiku tarehe 27 Machi, Aprili Mombasa ikawa haingii mtu wala hatoki, na Mei mpaka ukafungwa, ikabaki mizigo tu. Huku kwetu hatukufungiwa ndani, ila mikusanyiko ya burudani ilizuiwa, na mpiga taarab asiye na harusi ana muda mwingi kuliko anavyoutaka.

Watu wengi hukimbilia kupiga pamoja kwa simu ya video. Msijisumbue. Hewani sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ikichelewa milisekunde 30 ni sawa na mwenzio kukaa mita kumi kutoka ulipo, hapo mnavumiliana. Intaneti ya simu huchelewesha zaidi ya hapo, na fidla inaitikia biti iliyokwisha kupita. Tena programu hizo zimetengenezwa kwa maongezi, kwa hiyo chombo kinachovuta sauti ndefu huweza kuchujwa kama kelele.

BandLab haijaribu hilo, na ndiyo sababu naisifu. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye simu na kwenye kompyuta. Unafungua mradi, unawaalika wenzio, kila mmoja anarekodi traki yake, yaani sauti ya chombo chake peke yake, kwa wakati wake, na anayefuata anapiga juu ya traki ya aliyetangulia. Kila mkihifadhi, toleo la zamani linabaki. Hili la matoleo limetuokolea urafiki: muimbaji akigeuza mahadhi ya kibwagizo, mtunzi akakasirika, la mwanzo lipo, mnasikiliza yote mawili na kuendelea kubishana.

Kilichohitaji akili ni mapigo. Metronomu, ile kengele ya kuhesabu mapigo, ipo, lakini mtu wa dumbaki aliisikiliza kidogo akanitumia ujumbe wa sauti: "Bwana, hiyo kengele inanifukuza, kwani ina deni langu?" Ana haki. Taarab inamsubiri muimbaji. Akivuta kituo cha ubeti, vyombo navyo vinavuta. Basi tukaizima. Kwanza yeye anarekodi dumbaki huku mimi namwimbia pembeni kwa sauti ya chini kwenye traki ya peke yake, wengine wote wanafuata dumbaki hiyo, mwisho muimbaji anaweka sauti yake halisi na ile yangu inafutwa. Hasara yake ni kwamba mistari ya kupimia mapigo kwenye programu hailingani tena na mapigo, kwa hiyo kukata na kubandika ni kwa sikio. Anayetunga bongo fleva kwa biti za kompyuta hatakutana na shida hii hata kidogo.

Tumieni hedifoni za waya. Za Bluetooth huchelewesha sauti, utajikuta umerekodi nyuma ya wenzio na utamlaumu mpigaji bure. Fidla kwa maikrofoni ya simu hutoka nyembamba. Mpigaji asogee mbali kidogo na simu, kwenye chumba chenye mapazia au magodoro. Ramadhani ilipoingia taarab ikanyamaza kama desturi, tukautumia mwezi kupanga vina na mizani, kazi isiyotaka programu yoyote zaidi ya WhatsApp.

Kuhusu bando: faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa, la stereo (njia mbili, kushoto na kulia) hula takriban megabaiti 10 kwa dakika, mono (njia moja) nusu yake, na chombo kimoja mono kinatosha. Mkitumiana traki kwa WhatsApp, zitumeni kama dokumenti. Ujumbe wa sauti hubanwa, na fidla iliyobanwa haitengenezeki tena kwenye miksi.