Mafungo ya kimya ya siku 8 kwa wachungaji: tathmini ya huduma

Mchungaji anayekwenda kwenye mafungo haya akitarajia semina atashangaa tangu jioni ya kwanza. Hakuna mnenaji, hakuna mada, hakuna cheti. Anapewa chumba chenye kitanda, meza na kiti, anaonyeshwa kanisa dogo na mahali pa kulia, anatajiwa saa ya kukutana na mwongozaji wake, kisha kimya kinaanza. Utaratibu unatokana na Mazoezi ya Kiroho, kitabu cha Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Kikatoliki la Wajesuiti, kilichoidhinishwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548. Mazoezi kamili huchukua takriban siku 30, na siku 8 ni mpango uliofupishwa. Jijini Nairobi, kituo cha Wajesuiti cha Mwangaza ni mojawapo ya nyumba zinazotoa mafungo ya namna hii.

Tunayapendekeza kwa viongozi wa kanisa bila kusita. Kiongozi huzoea kumwendea Mungu akiwa na kazi mkononi: anafungua Biblia ili apate ujumbe wa Jumapili, anapiga magoti kwa kuwa ameombwa kuombea. Miaka ikipita, hajui tena kusimama mbele za Mungu kama mtu tu. Marko 3:14 inasema Yesu aliwaweka wale kumi na wawili "wapate kuwa pamoja naye, na kwamba awatume kuhubiri". Kutumwa kumekuja baada ya kuwa pamoja, na mafungo haya yanarudisha mpangilio huo kwa kuondoa kazi yote kwa muda.

Siku ya kawaida ina vipindi 4 vya sala, kila kimoja saa nzima, vikitenganishwa na mapumziko, matembezi na chakula. Mwongozaji hukutana na mfungaji, yaani mtu aliye kwenye mafungo, mara moja kwa siku, dakika 30 hadi 45. Kazi yake ni kusikiliza kilichotokea katika sala, kisha kutoa andiko la siku inayofuata. Inyasi alimkataza mwongozaji kumsukuma mtu upande wowote. Amwache Muumba ashughulike mwenyewe na kiumbe wake. Mwongozaji anayetumia nusu ya muda kufundisha hajui kazi yake, na ni haki ya mfungaji kuomba mwingine mapema, siku ya 2, kabla hajapoteza juma zima.

Andiko moja la aya chache linatosha. Marko 1:9-13 hutolewa mara nyingi siku za mwanzo, na kwa kiongozi lina uzito wa pekee: sauti inayomwita Yesu "Mwanangu, mpendwa wangu" inasikika kabla hajahubiri wala kuponya mtu hata mmoja. Kipindi kinachofuata hakiendi kwenye andiko jipya. Mtu anarudi pale pale alipoguswa au alipokwama. Marudio haya huwachosha wahubiri, waliozoea kutafuta kipya, lakini ndimo neno linaposhuka kutoka kichwani.

Sehemu inayorukwa kuliko zote ni mapitio. Baada ya saa ya sala mtu anahama mahali, anakaa dakika 15 na kuandika mistari michache: nilivutwa na nini, nilikimbia nini, wapi palikuwa na uhai, wapi palikuwa pakavu. Asiyefanya hivyo hufika kwa mwongozaji na maelezo ya andiko badala ya maelezo ya sala, na mazungumzo yanageuka darasa la Biblia. Ukiona mafungo yanadorora kufikia siku ya 4, kagua hapo kwanza.

Kosa la pili ni la wahubiri hasa: saa ya sala kugeuka maandalizi ya mahubiri. Dalili yake ni pointi tatu zinazojipanga zenyewe kichwani. Dawa ni kuacha daftari na kalamu nje ya mahali pa kusalia, na kuandika wakati wa mapitio tu. Wazo zuri likipotea, liache lipotee.

Kati ya siku ya 3 na ya 5 ukavu huja kwa wengi. Usingizi, hasira zisizo na chanzo, hamu ya kupunguza saa au kufunga mizigo na kurudi nyumbani. Kanuni ya Inyasi ni kutobadili uamuzi wowote wakati wa ukavu, na kukaa dakika chache kupita saa iliyopangwa badala ya kuipunguza. Ila kuna uchovu wa kawaida unaofanana na ukavu. Eliya katika 1 Wafalme 19 alilishwa na kulala mara mbili kabla ya safari ya Horebu, na "sauti ndogo, ya utulivu" ilikuja baadaye. Kwa hiyo siku ya 1 mtu alale bila kuona haya. Aliyefiwa majuzi, au aliyezama katika sonona, asianze na siku 8 za kimya. Azungumze kwanza na daktari na mtu anayemwamini.

Kabla ya kulipia, uliza mambo matatu: ada inajumuisha mwongozaji au ni chumba na chakula tu, mwongozaji mmoja anapokea watu wangapi kwa siku (wakizidi sita, mazungumzo yatakuwa ya haraka), na je, alifundishwa kuongoza, au ni padre tu aliyepo nyumbani. Mprotestanti ajue kwamba kwenye nyumba ya Kikatoliki misa huwa ni kila siku na kwa kawaida hatashiriki Komunyo. Ni vizuri alijue hilo kabla, lisimuumize akiwa ndani.

Mafungo ya wikendi hatuyapi alama sawa. Kichwa kinapoanza kutulia, gari la kurudi liko mlangoni. Asiyeweza kuondoka ana njia nyingine, iliyomo katika Mazoezi yenyewe kwa ajili ya watu wenye shughuli nyingi: kubaki kazini, kutenga saa moja na nusu kila siku kwa miezi kadhaa, na kukutana na mwongozaji kila juma. Ni ngumu kuliko inavyosikika, hasa palipo na watoto wadogo, lakini matunda yake hudumu.

Kuhusu tarehe, fika Jumapili jioni na uondoke Jumanne asubuhi ya juma la pili. Hapo Jumapili moja tu inakosekana, nayo inaangukia siku ya 7. Hiyo ndiyo siku inayompima kiongozi. Mwingine yuko mimbarini, sadaka inahesabiwa bila yeye, na simu imekabidhiwa ofisini. Yanayojitokeza moyoni saa hizo, wivu, utulivu au woga wa kusahaulika, yapelekwe kwa mwongozaji bila kusafishwa. Na msiba hautangoji mafungo yaishe: kabla ya kuondoka, andika jina la atakayezika, mpe mzee wa kanisa, na utangaze ibadani, ili familia isikutafute.