Uzoefu wangu: sensa ya lambda kwenye kabureta ya Volkswagen Beetle 1600

Gari ni Beetle yenye injini ya 1600 na kabureta ya Solex 34 PICT-3, na inatumika Nairobi. Kiti (seti ya vifaa) niliyofunga ina sensa ya lambda ya Bosch LSU 4.9, inayopima oksijeni kwenye moshi wa eksozi, kidhibiti chake, na geji ya milimita 52 inayoonyesha uwiano wa hewa kwa petroli: namba ikipanda, mchanganyiko ni mwepesi, yaani petroli ni kidogo. Kwa yeyote anayemiliki kabureta na kuipenda naipendekeza bila kusita, ila ubora wa majibu yake unategemea sana ilivyofungwa.

Kwanza, chagua kiti ambayo kidhibiti chake kimetengana na geji. Injini ya Beetle iko nyuma, na waya wa sensa haufiki kwenye dashibodi. Usiukate ili kuuongeza, wala usiguse plagi yake: ndani yake mna rezista ya kusawazisha iliyopimwa kiwandani kwa sensa hiyo hiyo. Kidhibiti kikae chini ya kiti cha nyuma, upande wa betri, kisha waya wa ishara na wa umeme ndio uende mbele. Ndani ya chumba cha injini joto litakiua. Gari likiwa bado la volti 6, kiti hii haitafanya kazi kabla ya kubadilisha mfumo wa umeme.

Mahali pa sensa ndipo kazi nyingi huharibika. Ikiwekwa kwenye mdomo wa eksozi, hewa ya nje inarudi ndani injini ikiwa sailensi (ikizunguka taratibu bila kukanyagwa mafuta), na geji inaonyesha mchanganyiko mwepesi ambao haupo. Eksozi yangu inakutanisha mabomba manne kuwa moja, kwa hiyo nati ya M18x1.5 imechomelewa baada tu ya makutano. Sensa iinuke angalau nyuzi 10 juu ya usawa wa ardhi ili maji ya mvuke yasiiingie. Mwambie fundi asitumie gundi ya silikoni kwenye viungo vya eksozi wala vya manifoldi (mabomba ya kuingiza mchanganyiko kwenye injini), kwa sababu mvuke wake unaua sensa. Risasi kwenye petroli nayo inaua, lakini huku kwetu petroli hiyo iliondolewa sokoni kufikia 2006. Mnunuzi wa sensa ya akiba atafute namba 0 258 017 025.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote ya kabureta, weka tapeti (nafasi ya vali) kwenye milimita 0.15 injini ikiwa baridi, pointi (mwanya wa swichi ya cheche) kwenye 0.4, na taimingi ya cheche sawa. Sababu ni hii: sensa inapima oksijeni, haipimi petroli. Silinda ikimisi, hewa yake inatoka bila kuungua na geji inasoma 16 au 17. Ukiamini namba hiyo utaongeza jeti (kitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta) wakati tatizo ni plagi za cheche au pointi. Kosa hili limewauzia watu jeti nyingi wasizohitaji.

Halafu tafuta mahali panapovuta hewa. Pulizia dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kwenye mipira ya manifoldi na chini ya kabureta, injini ikiwa sailensi lakini bado haijapata moto sana, na uwe na kizima moto karibu. Geji ikishuka ghafla, umepata tundu. Hapa kifaa hiki kinashinda sikio la fundi yeyote, kwani kinaona tundu ambalo mlio wa injini hauonyeshi.

Sailensi ya 34 PICT-3 inarekebishwa injini ikiwa na moto na choki imefunguka kabisa. Skrubu ya mkono wa kipepeo (kibao kinachofungua njia ya hewa) igusane tu na hatua ya choki inayoizuia, kisha izungushwe robo mzunguko, basi. Wengi huitumia kupandisha kasi, na hapo kipepeo kinafunua vitundu vya mpito (vinavyotoa mafuta unapoanza kukanyaga) na skrubu ya mchanganyiko inapoteza nguvu. Kasi inapandishwa kwa skrubu kubwa ya shaba hadi karibu mizunguko 850. Ile ndogo ni ya mchanganyiko: ianze mizunguko miwili na nusu kutoka chini, uizungushe kidogo kidogo, na usubiri namba itulie kila mara. Mimi nalenga 13 mpaka 13.5. Isipobadilisha chochote, kagua vali ya umeme ya jeti ya sailensi, ambayo ikikosa volti 12 hufunga mafuta.

Jeti kubwa ya kawaida ni 127.5, maana yake tundu la milimita 1.275. Ukishuka hadi 125, eneo la tundu linapungua kwa takriban asilimia 4, na 13.0 inakuwa 13.5 hivi. Nairobi, kwenye kimo cha karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi kiasi kwamba gari lililokaa sawa Mombasa kwenye 13.0 linasoma kama 12.0. Hatua mbili za jeti, yaani 122.5, zinarudisha tofauti hiyo. Ukiteremka pwani, rudisha 127.5 kabla ya safari ya kasi, maana mchanganyiko mwepesi kwenye injini ya kupozwa kwa hewa unapandisha joto la vichwa na kuchoma vali za eksozi. Mzito nao unaosha oili kwenye kuta za silinda, na injini hii ina lita 2.5 tu za oili. Kwenye kilomita 80 kwa saa, gia ya nne, 13.5 hadi 14 inatosha. Mguu ukiwa chini kabisa, 12.5. Tafadhali usichokonoe jeti kwa waya. Tundu likikwaruzwa, namba iliyoandikwa juu yake haina maana tena.

Ukikanyaga ghafla, injini ikakwama kidogo na geji ikaruka hadi 17 kabla ya kushuka, pampu ya kabureta inatoa mafuta kidogo. Lenga mililita 1.5 kwa mkanyago mmoja. Magari yenye distribyuta (kigawa cheche) ya 009, isiyo na vakyumu (mvuto wa hewa wa injini unaosogeza taimingi), yana mkwamo huu hata pampu ikiwa sawa, na dawa yake halisi ni kurudisha distribyuta ya vakyumu.

Malalamiko yangu ni mawili. Juani tarakimu za geji hazisomeki vizuri, na namba moja ya wastani wa silinda nne haiwezi kukuonyesha silinda moja iliyo dhaifu, kwa hiyo plagi bado zinafunguliwa na kuangaliwa rangi.

Umeme wa sensa uchukuliwe kwenye swichi, na uwashe injini mara moja. Injini ikifanya kazi huku sensa haina umeme, masizi yanaiziba. Ukimaliza kurekebisha na hutaki kuiacha, itoe na uzibe nati kwa boliti ya M18x1.5.