Vikuku vyangu vya fedha safi: tatizo lilikuwa mafuta, si weusi

Nina vikuku viwili vya fedha safi, vyenye muhuri wa 999. Nilivivaa siku zote za harusi ya mpwa wangu hapa Lamu, na harusi zetu mnazijua: singo ya kusugulia mwili, mafuta ya nazi, manukato ya halud, moshi wa udi. Shughuli ilipokwisha, nakshi zilikuwa zimejaa uchafu mweusi wa kunata.

Nikakimbilia dukani kununua ile dawa ya maji ya kung'arishia fedha, kichupa shilingi 950. Nikavitumbukiza, nikasuuza. Vikatoka na mabaka kama chui. Nikarudia, mabaka yale yale, na harufu haikunitoka mikononi hadi usiku.

Basi nikavipeleka kwa sonara mmoja kwenye Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji wetu. Alikishika kimoja, akakidondoshea maji. Yakajikusanya vitone vitone, kama juu ya jani la myugwa. "Mwanangu, dawa itaifikia vipi fedha na hapa pana mafuta?" Dawa zile hula weusi unaoletwa na salfa. Mafuta haziyawezi.

Cha kwanza alikisafisha mbele yangu. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mswaki laini, kisha pamba na asetoni tupu, mbali na jiko na chetezo kwa kuwa hushika moto upesi. Dawa ya kutolea rangi ya kucha haifai, alisema, maana nyingi zimetiwa mafuta ili zisikaushe kucha. Pamba ya kwanza ilitoka rangi ya kahawa. Nilihesabu sita ndipo ikatoka nyeupe. Akakidondoshea maji tena, na safari hii yakatandaa pote. Hapo ndipo alipokilaza kwenye bakuli lenye foili ya alumini, soda ya kuokea na maji ya moto. Ikapanda harufu ya yai viza, weusi ukaondoka. Akakisuuza kwa maji ya chupa, kwa sababu ya kisima yana chumvi na yakikauka huacha doa, akakishika kwa kitambaa tu.

Nilikuwa pia na pete yenye kigae cha kauri kilichobandikwa, zile zetu za Lamu. Hiyo alikataa kuitia asetoni, gundi isije ikalegea. Akaipangusa kwa sabuni basi. Hapo nilimpenda.

Lakini ahadi! Kikuku cha pili kilikuwa cha Alhamisi, nimekipata Jumatatu, kila nikipita ni "kesho, inshallah". Tena alitaka kukipitisha kwenye mashine ya kung'arishia. Nikakataa, fedha safi ni laini, nakshi ingelika. Vyote pamoja shilingi 500.

Nampa nyota nne. Ile dawa ya dukani bado ninayo, zaidi ya nusu chupa. Anayeitaka aje achukue.