Slo au damsoni: ipi iingie kwenye gin?

Tarehe 1 Oktoba msimu wa kuwinda fezanti, ndege wa porini, hufunguliwa Uingereza, na swali lile lile hurudi: kichupa cha mfukoni cha mwindaji kijazwe gin ya slo au ya damsoni? Zote ni matunda ya jamii ya plamu: slo ni kitunda kidogo cha porini, damsoni ni kubwa zaidi.

Kwa gharama, slo haina mpinzani. Huota kwenye nyua za miti kando ya mashamba karibu kila mahali, na sheria ya wizi ya 1968 haiiti wizi kuchuma tunda la porini kwa matumizi yako, mradi si la kuuza. Damsoni mara nyingi ni mti wa mtu, kama kwenye bonde la Lyth huko Cumbria. Bisha hodi, uombe.

Kazi ndiyo inayozitofautisha. Miiba ya slo hurarua mikono kweli, na kila kitunda kinataka kudungwa sindano. Mimi nazilaza slo usiku mmoja kwenye friza, ganda linapasuka lenyewe. Damsoni ni kubwa. Kisu mara moja, basi.

Nusu kilo ya tunda, robo kilo ya sukari, lita moja ya gin, kisha miezi mitatu gizani. Slo hutoka kavu, yenye harufu ya lozi kutoka kwenye kokwa. Damsoni ni tamu na nzito.

Hutaki kazi nyingi na unapenda utamu, chukua damsoni. Una subira na ua wa miti karibu, chuma slo. Kichupa kifunguliwe bunduki zikishatolewa risasi na kuhifadhiwa.