Bati za migongo mipana geji 28 juu ya mapaa mawili, Dodoma: uzoefu wangu

Nina nyumba mbili kwenye kiwanja kimoja Nzuguni, zote nimeziezeka kwa bati za rangi za migongo mipana, geji 28 (geji ni kipimo cha unene wa bati). Nyumba kubwa ina paa la pande nne lenye mwinuko wa kutosha. Ile ndogo ya wapangaji ina paa la kuficha, yaani lililojificha nyuma ya ukuta, mtindo ambao sasa umejaa mtaani kwetu. Bati zimetoka kiwanda kimoja na fundi ni yuleyule, lakini mapaa haya yananipa majibu tofauti kabisa. Ndiyo maana mtu akiniuliza "bati gani nzuri?", namuuliza kwanza paa lake lina umbo gani.

Wanaohamia huku kutoka Pwani huwaza mvua. Dodoma mvua ni milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Kinacholitesa paa hapa ni upepo wa mashariki, jua na vumbi. Wagogo walilimaliza suala hili zamani: tembe lina paa bapa la udongo juu ya magogo na fito, limeinama chini, upepo haupati pa kulishika na ndani kuna ubaridi. Lipeleke tembe hilohilo Bukoba, masika moja tu litakuwa tope.

Kwenye nyumba kubwa nimeridhika sana. Paa la pande nne linaupokea upepo kwa mteremko kila upande. Mgongo wa tembo, yaani paa la pande mbili, una zile kuta mbili za pembetatu. Upepo ukizigonga hupanda na kutafuta ncha ya bati iliyochomoza, kisha huinyanyua kutokea chini. Kama yako ni mgongo wa tembo, usiache bati lichomoze sana pembeni. Umbo lolote utakalochagua, papi (mbao zinazoshikilia bati) za kingoni na karibu na kofia (bati la kufunika kilele) zikaribiane kuliko za katikati, maana huko ndiko upepo hung'oa kwanza. Mimi nilikataa misumari, nikanunua skrubu zenye mpira, na mbao za Mafinga zilizotiwa dawa. Mchwa wa Dodoma hawana huruma na mbao mbichi.

Kuhusu geji: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba, kwa hiyo 30 ni nyembamba kuliko 28. Usiridhike na maandishi. Nenda na maikromita, na uliza unene wa chuma chenyewe, kwa sababu rangi nayo huongeza kipimo. Duka la kwanza nililoingia, bati lililoandikwa 28 lilisoma sawa na la 30 lililoegemezwa pembeni yake. Niliaga nikaondoka.

Sasa paa la kuficha. Mwinuko wake ni mdogo, ukuta umelizunguka, na maji yote yanategemea gata ya ndani. Hapa bati lazima liwe na migongo iliyoinuka, na liwe refu moja kutoka juu hadi kwenye gata. Kiwanda hukata kwa kipimo chako, kwa hiyo hakuna sababu ya kuungaunga. Kwenye mteremko mdogo, upepo husukuma maji yarudi ndani kupitia kwenye maungio. Bati zangu hazijawahi kuvuja. Kilichonisumbua ni gata. Vumbi la miezi yote ya kiangazi lilijaa humo na majani, mvua kubwa ya kwanza ikapiga, maji yakapanda juu ya kingo na kushuka kwenye dari ya mpangaji. Tuliipanua gata, tukaongeza bomba la pili la kushushia maji, na tukatoboa tundu la dharura ukutani ili yakizidi yatokee nje. Tangu hapo ni shwari, ila kila Novemba lazima mtu apande kusafisha.

Joto pia ni kubwa zaidi humo, kwani kati ya bati na dari hakuna nafasi. Nilichagua rangi ya maziwa na kutandika foili chini ya bati. Kijivu cha mkaa kinapendeza, lakini kwa jua hili na paa la chini namna hii, singemshauri mtu.

Vigae vya zege sikuvifikiria. Mita moja ya mraba ina kilo 40 na zaidi, wakati bati la geji 28 halifiki kilo 5, kwa hiyo kenchi zote (fremu za mbao zinazobeba paa) zingebadilika. Kwenye paa la kuficha visitajwe kabisa. Bati za vigae zenye changarawe nazipenda. Dada yangu anazo Iyumbu, na mvua ikinyesha mnaongea bila kupaza sauti. Bei iko juu, ila kwa paa lenye kona nyingi piga hesabu vizuri: vipande ni vidogo, mabaki ni machache, tofauti na bati refu linalokatwa mshazari kila kona.

Maji nayo ni sehemu ya thamani ya paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba hupokea zaidi ya lita 50,000 kwa mwaka hata Dodoma hii. Mvua ya kwanza naiacha ioshe vumbi, zinazofuata zinaingia kwenye simtanki.

Mwezi ujao naezeka banda la kuku, paa la upande mmoja, upande wake wa chini ukiwa mashariki unakotoka upepo. Hapo geji 30 inatosha, skrubu zilezile.