Nimebadilishiwa kioo cha laptopu Dodoma mjini, mashine ikaanza kuzima, fundi akasema ni virusi

Kwanza niseme kioo chenyewe ni kizuri. Naanzia hapo kwa sababu nikitangulia na fundi sitarudi tena kwenye kioo. Ni kopi, sikufichwa, na kwa laki na themanini sikutegemea kuwekewa cha kampuni. Kinaangaza kuliko cha zamani, hakina doa wala mstari. Kwa kioo tu ningewapa alama zote.

Sasa fundi.

Nina steshenari Ng'ong'ona, jirani na UDOM, na laptopu hiyo ndiyo inayolisha duka: kuchapa, kupanga kurasa, kuprinti. Msimu wa research wanachuo wanajaa mpaka barazani. Kioo kilipopasuka nikapanda daladala hadi mjini, kwenye duka moja mitaa ya karibu na Nyerere Square ambalo kila niliyemuuliza alilisifu. Nikakaa kwenye benchi, nikamwona kijana akifungua, akichomoa, akichomeka, simu kaibana kwa bega anabishana mambo ya Simba na Yanga. Hata soda sijamaliza, tayari. Nikapewa kikaratasi cha mkono chenye mhuri wa "mali ikishauzwa hairudishwi". Risiti ya EFD? Eti mashine haina mtandao leo. Haya.

Siku chache zikapita vizuri, kisha ikaanza kuzima. Haigandi, haileti ile rangi ya buluu yenye maandishi. Inakata tu, giza. Binti wa watu yuko sura ya nne, hajasevu, machozi yanamlengalenga, na mimi ndiye wa kuombea msamaha kazi ya mtu mwingine. Nikaanza kuivizia. Kifuniko nikikifungua nusu, inakaa asubuhi mpaka jioni. Nikikilaza nyuma ili mteja aliyesimama aone, inazima. Kila mara.

Hilo ndilo nililomwambia fundi niliporudi, na nikamwonyesha kwa mkono. Hakuigusa. Hata shingo hakugeuza vizuri.

"Mama, hiyo ni virusi. Mnachomeka flashi za wanachuo kutwa, mnajaza muvi, halafu lawama kwa fundi."

Watu waliokuwa dukani wakacheka. Nikamuuliza, virusi gani hao wanaojua kifuniko kimelala kiasi gani? Akanijibu, "Basi wewe ndiye fundi, itengeneze." Halafu, baada ya kunisema hivyo mbele za watu, akanipigia Windows upya kwa elfu kumi na tano! Nililipa, maana foleni ya Ng'ong'ona haingoji mtu amalize kubishana. Jioni ile ile ikazima, Windows mpya bado inanikaribisha.

Aliyenitoa kwenye hilo shimo ni mteja wangu, binti anayesoma pale CIVE, chuo cha kompyuta cha UDOM. Hakuanza kwa kufomati. Alifungua ile orodha ambayo Windows hujiandikia matukio yake, akanionyesha mstari unaojirudia: Kernel-Power, namba 41. Akasema, dada, hii haikutajii mchawi. Inasema tu mashine ilizimika bila kuagwa, na inatokea sana pale umeme unapokatika ghafla, ndiyo maana hakuna ujumbe wowote wa kosa. Kisha akafungua mfuniko wa chini, akachomoa betri, akachomoa waya wa kioo, akarudisha betri, akaunganisha mashine na TV ya dukani kwa HDMI. Tukafanya kazi hivyo siku nzima na zaidi, nikikichezea kifuniko makusudi, mbele nyuma. Haikuzima hata mara moja. Windows ni ile ile, flashi ni zile zile za wanachuo. Virusi wamekwenda likizo?

Akamulika tochi kwenye bawaba. Waya wa kioo una njia yake ya kupita pembeni. Kijana wetu wa Simba na Yanga aliupitisha juu ya bawaba, kifuniko kikawa kinaukata kama mkasi. Ngozi ilishachubuka, shaba inaonekana. Nilivyoelezwa, waya huo una nyuzi nyembamba za picha zenye umeme mdogo sana, na humo humo hupita umeme mkubwa zaidi wa taa ya kioo. Shaba ikigusa chuma cha bawaba, bodi inajikatia umeme ili isiungue.

Hapo nilianza kupoa. Makosa ya mkono yapo kwa kila fundi. Binti akaharibu kwa swali moja: "Alichomoa betri kwanza, kabla ya kugusa waya wa kioo?" Hakuchomoa. Nilikuwa pale benchini, niliona kila kitu. Kumbe hilo peke yake lingeweza kuua bodi palepale, kwa sababu betri ikiwa mahali pake, plagi ile inaweza kuwa na umeme hata mashine ikiwa imezimwa. Na bodi ikifa ni bora utafute laptopu nyingine.

Waya mwingine uliagizwa Kariakoo, ukaja na basi, binti akaupitisha kwenye njia yake. Tangu hapo nakilaza kifuniko nitakavyo.

Nilirudi mjini kudai elfu kumi na tano yangu. Safari hii nilimkuta mwenye duka, mzee mwenye adabu zake, akanipisha kiti, akasikiliza mpaka mwisho, akanipa pole. Ndiyo maana nashindwa kulichafua duka lote. Kioo kizuri, bei sijaona ya chini hivyo mjini, mwenye mali muungwana. Ukienda, simama juu ya kichwa cha fundi, na usikae mpaka betri itoke.

Hapana, ngoja. Yule kijana alikuwa pale pale, anasikia kila kitu, na neno samahani halikumtoka. Alichosema ni "si imeshapona?" Usiende. Labda kama mzee mwenyewe ndiye atakayeshika bisibisi.

Na mzee alinirudishia elfu kumi. Ile tano, kaniambia, nipitie wiki ijayo. Nimepitia. Duka limefungwa, eti wamekwenda msibani.