Bima ya kupatia viza na bima ya kutibiwa: safari mbili za mama yangu

Bima ya kwanza ya safari niliikata nimesimama. Ilikuwa Novemba 2022, kwenye kibanda cha wakala jirani na soko la Majengo hapa Dodoma, nyuma yangu foleni ya vijana wa bodaboda na mimi nina haraka ya kwenda kukata tiketi za basi. Mama alikuwa anakwenda Frankfurt kumwona mjukuu; mdogo wangu ameolewa huko. Kwa viza ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ujerumani ikiwemo, wanataka hati ya bima yenye kinga isiyopungua euro 30,000, inayofanya kazi katika nchi zote za Schengen kwa siku zote za safari, na iwe inagharamia matibabu ya dharura pamoja na kumrudisha mtu nyumbani akiugua au, Mungu apishe mbali, akifariki. Wakala aliniuliza jina la mama kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe za safari, basi. Dakika kumi hati imetoka kwenye printa. Nililipa shilingi 95,000, mama akapata viza, nami nikamsifia yule kijana mtaa mzima.

Mama ana presha tangu mimi nikiwa sekondari. Wiki ya pili kule Frankfurt damu ikaanza kumtoka puani usiku, haikatiki. Wakamkimbiza hospitali, akalazwa usiku mmoja, presha ikashuka. Bili ikasoma euro 870. Nikapeleka madai na risiti zote, nimezipanga kwenye faili kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Baada ya wiki tano likaja jibu la aya mbili: ugonjwa aliokuwa nao mtu kabla ya safari haufidiwi, na zaidi ya hapo, kwenye fomu ya maombi tulijaza kwamba hana ugonjwa wowote.

Fomu gani? Nikaomba nakala. Kisanduku cha "hapana" kimewekwa vema kwa kalamu ya wakala, swali lenyewe sikuwahi kuulizwa. Lakini saini chini ni yangu.

Nilikwenda hadi TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima nchini, kwa kuwa makao makuu yao yako hapahapa mjini. Nikaelekezwa kwamba malalamiko yanaanzia kwenye kampuni kwa maandishi, na tukishindwana kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Sikufika huko. Bima inasimama juu ya uaminifu: mkata bima anatakiwa aseme anachokijua kabla hajalipa, na mimi nilisaini karatasi niliyoisoma robo. Shemeji alilipa bili, sisi tukamrudishia kidogokidogo hadi Agosti. Kudaiwa na mkwe, jamani, kwa mama yangu wa Kigogo ilikuwa shida kuliko presha yenyewe.

Ile hati haikuwa feki, na kampuni ilikuwa na leseni. Ilitengenezwa ili ipite kwenye dirisha la viza, na ilipita. Dirishani wanaangalia kiasi, nchi na tarehe. Hawaangalii kama ugonjwa wa mama yako umo ndani au uko nje. Hilo ni lako.

Safari ya pili ilikuwa Desemba 2024, mama ana miaka 69. Safari hii nilianza miezi miwili kabla. Nilizifuata kampuni nne, nikahakikisha kwanza zimo kwenye orodha ya TIRA ya waliosajiliwa (kazi ya dakika tano, sitaisimulia), kisha nikaomba kila moja inipe masharti kamili. Sikutaka kile kipeperushi chenye picha ya ndege. Mbili zilinitumia kwa barua pepe siku ileile. Moja ilinizungusha wiki nzima. Ya nne dada mmoja akaniambia, "Masharti utayapata ukishalipa, dada." Nikamshukuru, nikaikata kwenye daftari langu.

Masharti yale niliyasoma kuanzia nyuma, kwenye yasiyofidiwa. Ndiko ukweli unakokaa. Kampuni moja iliita ugonjwa wa awali chochote ulichowahi kutibiwa, hata miaka kumi iliyopita. Nyingine ilikuwa tayari kubeba dharura ya ghafla itokanayo na presha, kwa kiwango kidogo kuliko euro 30,000, ilimradi uitaje na uongeze pesa. Nikaangalia pia kiasi ambacho mgonjwa anabeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa, na umri: kwa bei ya kawaida hawa walikuwa wanaishia miaka 70.

Kisha nikafanya jambo ambalo mume wangu alilicheka sana. Kila hati ya bima ya safari ina namba ya simu ya dharura ya saa 24. Nilizipiga zote tatu, saa nane usiku, kabla sijalipa hata senti. Ya kwanza iliita mpaka ikakata. Ya pili walinichezea muziki mpaka salio likaisha. Ya tatu ilipokelewa mlio wa nne na mama mmoja aliyeniuliza kwanza, "Mgonjwa yuko salama?" Nikamwambia hakuna mgonjwa, najaribu simu. Alicheka, akanieleza kwamba hospitali ikipiga hapo kabla ya kumlaza mtu, wao wanatuma barua ya dhamana na familia haitoi pesa mfukoni. Hao ndio niliowapa fedha. Shilingi 210,000, presha imeandikwa kwenye fomu kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Safari hii presha ilitulia. Mama alianguka kwenye ngazi zilizoganda barafu Januari, akavunjika kifundo cha mkono. Mdogo wangu alipiga ile namba wakiwa mapokezi. Barua ya dhamana ilifika baada ya kama saa mbili, mkono ukafungwa plasta, hakulipa mtu.

Si kwamba walikuwa malaika. Dawa za maumivu na teksi tulilipia wenyewe tukidai baadaye, na walitusumbua: kwanza wakataka risiti zitafsiriwe kutoka Kijerumani, kisha wakasema teksi haimo, kisha ikaonekana imo ukurasa wa 14, tena nimewaonyesha mimi. Ilichukua wiki saba kupata euro 61. Kwa hiyo nawapa nyota nne, ya tano ibaki na mhasibu wao.

Majina siyataji. Wa kwanza walinipa jibu lililokuwa kwenye karatasi yangu, na wa pili sitaki kuwapigia debe bila malipo. Isitoshe mama sasa amevuka 70 na anataka kwenda tena, safari hii kuna ubatizo. Kwa hao wangu bei inaruka karibu mara mbili na presha wanataka cheti cha daktari. Jana usiku nimepigia kampuni mbili mpya. Moja haijapokea hadi sasa.